Sahani Nne



Leo sikuletei mahubiri ya nukta tatu. Nakuletea sufuria ya chakula, na pamoja nayo nina jambo la kukuungamia. Soma hadi mwisho kabla hujaandika Amina, maana huenda neno hili ni lako pia.

Wiki kadhaa zilizopita, siku ya Jumatano, stima ilipotea kanisani tukiwa karibu kuanza ibada ya jioni. Tulisubiri, tukaomba kidogo gizani, kisha tukaagana mapema. Kwa hiyo nilifika nyumbani saa moja na nusu, saa ambayo kwa kawaida huwa bado niko madhabahuni. Mlango ulikuwa wazi. Kitinda mimba wetu, wa miaka saba, alikuwa anaandaa meza. Nilisimama nikamtazama bila yeye kuniona. Aliweka sahani ya mama. Ya kaka. Ya dada. Yake. Kisha akavuta kiti akaketi.

Sahani nne. Nyumba yetu ina watu watano.

Mke wangu aliponiona alimwambia, "Ongeza ya baba." Mtoto akageuka, akanitazama kwa mshangao wa kweli, akauliza, "Kwani baba anakula hapa leo?"

Hakuwa na ubaya wowote moyoni. Hakuwa ananisuta. Alikuwa anauliza tu, kama vile ungeuliza kama mgeni atalala. Ndiyo maana liliniuma. Mtoto akikukasirikia, bado anakutarajia. Huyu wangu alikuwa ameshaacha kunihesabu, na hakuwa hata na kinyongo.

Usiku ule nilifungua shajara yangu ya huduma. Katika siku thelathini zilizopita, nilikuwa nimekula chakula cha jioni na familia yangu mara nne. Nyingine zote nilikuwa kwenye kesha, ushirika wa nyumbani, kikao cha wazee, matanga, harambee, au barabarani. Kila moja ya siku hizo ilikuwa na sababu nzuri. Ukiniuliza ni ipi ningeifuta, ningekosa.

Acha nikuambie kisingizio nilichokuwa nakitumia, maana wengi wetu tunakipenda. Ni Matendo ya Mitume sura ya 6. Pale mitume wanasema haifai wao kuliacha neno la Mungu wakahudumu mezani. Nilisoma chuo cha Biblia, na aya hiyo niliishika vizuri sana. Mke wangu akisema, "Leo kaa na watoto," mimi moyoni nilikuwa Petro, niliyeitwa kwa maombi na neno. Lakini soma vizuri, mpendwa. Meza ya Matendo 6 ni ya wajane waliosahauliwa katika mgao wa kila siku, na mitume hawakuipuuza. Waliagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema waisimamie. Hakuna mahali mtume anasema ameacha kuketi na watoto wake mwenyewe. Paulo naye, akimwandikia Timotheo barua ya kwanza, sura ya 3, anauliza kwamba mtu asiyejua kuisimamia nyumba yake atalitunzaje kanisa la Mungu. Aya hiyo nayo nilisoma chuoni. Hiyo sikuishika sana.

Basi nikaamua. Jumatatu ni siku yangu ya kupumzika, ingawa kwa miaka mingi nilikuwa napumzika kwa jina tu. Nikamwambia mama mchungaji, "Jumatatu jioni mimi ndiye nitakayepika."

Akacheka hadi akashika ukuta. Akasema, "Sawa, Pasta." Akiniita Pasta nyumbani, najua niko mashakani.

Nilijua nitakachopika, na nitakueleza nilikokitoa. Mwaka wa 2023 nilialikwa kuhubiri kwa Wakenya wenzetu wanaoishi viungani mwa Dallas, kule Texas, Marekani. Nilikaa kwa familia moja. Mama wa nyumba ile ni muuguzi, na wiki ile alikuwa zamu ya usiku. Jioni ya pili alitoa kwenye oveni bakuli kubwa la bapa, limefunikwa jibini iliyoyeyuka, harufu imejaa nyumba. Nikauliza jina la chakula. Akaniambia. Mpendwa, nilitazama chini. Linaandikwa taco, ni chakula cha Mexico, lakini ukilitamka Kiswahili, neno hilo si la mezani, tena mbele ya mtumishi! Watoto wake waliozaliwa kule hawakuelewa kwa nini mimi na baba yao tulikuwa tunafuta machozi.

Alinieleza kwamba taco halisi ni mkate mwembamba wa mahindi, tortilla, unaokunjwa ukiwa na nyama ndani. Wamexico huchemsha mahindi kwa chokaa kabla ya kuyasaga, na ndiyo maana unga wao una ladha tofauti na wetu, ingawa mahindi yetu ya ugali nayo asili yake ni kule kwao. Sasa familia yenye haraka haina muda wa kukunja moja moja. Hivyo wanapanga kila kitu kwa tabaka ndani ya bakuli moja, wanaoka, na kila mtu anachota.

Lakini kilichonikaa moyoni hakikuwa jibini. Mama yule alikuwa amevaa sare za kazi tayari. Alikuwa na dakika ishirini kabla ya kutoka. Aliketi. Wote waliketi. Kila mtoto akasema jambo moja la siku yake, wakashikana mikono wakaomba, akatoka kwenda kuwahudumia wagonjwa hadi asubuhi. Mimi niliyekuwa mgeni wa heshima, mhubiri wa kongamano la familia, nilikula nikisifu upishi. Somo nililiacha Texas, nikarudi na resipe.

Basi Jumatatu ikafika. Nitakupa vipimo ili nawe ujaribu.

Nilinunua nusu kilo ya nyama ya kusaga pale bucha. Kwa mama mboga nilichukua vitunguu viwili, nyanya nne, hoho moja, kitunguu saumu, dhania na parachichi mbili. Maharagwe vikombe viwili yalikuwa yamelowekwa tangu usiku na kuchemshwa yakaiva. Tortilla sina, lakini tulikuwa na chapati sita za Jumapili, na hakuna Mkenya anayehitaji kufundishwa la kufanya na chapati zilizolala. Nikanunua na jibini gramu mia mbili, ambayo kitinda mimba aliila robo kabla haijafika kwenye sufuria.

Kaanga kitunguu kilainike. Tia saumu, kisha nyama, uiponde kwa mwiko isishikane mabonge, hadi maji yakauke na iwe kahawia. Tia kijiko cha bizari nyembamba, nusu kijiko cha pilipili ya unga, chumvi, na ukipenda dhania ya unga. Tia nyanya na hoho, kisha kijiko kikubwa cha nyanya ya mkebe. Acha rojo iwe nzito. Changanya maharagwe, ponda machache ili yashikamane. Kata chapati vipande vya upana wa vidole viwili.

Sasa panga. Paka sufuria mafuta. Chapati chini, juu yake nyama na maharagwe, juu yake jibini kidogo. Rudia. Malizia na jibini. Kwenye oveni ni nyuzi 180 kwa dakika ishirini hadi ishirini na tano. Ukipakua, weka juu kachumbari, parachichi, na kijiko cha maziwa mala mahali pa ile malai ya uchachu wanayotumia wenzetu. Mala inafaa kabisa.

Mke wangu alikaa kwenye kigoda mlangoni akitoa maelekezo ambayo sikuwa nimeomba. "Pasta, umewasha moto na hujakata kitunguu?" Binti yetu alikata kachumbari. Simu yangu nilikuwa nimeizima sauti nikaiweka juu ya kabati.

Na pale sufuria ilipokuwa tayari, oveni imewashwa, gesi ikaisha.

Nilikuwa karibu kusema, "Basi, tununue chipsi." Ndipo mlango wa chumba cha nyuma ukafunguka. Kifungua mimba wetu ana miaka kumi na saba, yuko kidato cha tatu shule ya kutwa. Kwa zaidi ya mwaka mmoja mazungumzo yetu yalikuwa "shikamoo", "marahaba", "umesoma?", "ndiyo". Alitazama sufuria, akatazama mtungi wa gesi, akasema, "Si tuoke na makaa, kama keki?"

Akatoa jiko nje, nyuma ya nyumba. Akaliwasha mwenyewe. Makaa yaliposhika vizuri, akapunguza ya chini yakabaki machache, sufuria ikawekwa, ikafunikwa kwa sinia, na makaa mengi yakapangwa juu ya sinia ili moto ushuke kutoka juu. Ndivyo mama zetu walivyooka keki za Krismasi kabla ya kujua oveni. Aliniambia tusifunue kabla ya dakika ishirini na tano. Tukaketi kwenye mawe, yeye upande huu, mimi upande ule, makaa katikati.

Mpendwa, nilikuwa na maswali. Wazee walikuwa wamenidokeza kwamba haji tena kwenye ushirika wa vijana. Jumapili anakaa kiti cha mwisho karibu na mlango. Nilikuwa nimemuuliza mara kadhaa, lakini kila mara nikiwa nimesimama, nikiwa na funguo za gari mkononi. Sasa tulikuwa wawili, na mdomo wangu ulikuwa tayari. Nikasikia moyoni neno moja tu: nyamaza.

Nikanyamaza. Si jambo rahisi kwa mhubiri. Tulizungumza juu ya makaa. Alinifundisha jinsi ya kujua yale yaliyoiva na yale yatakayotoa moshi. Tukanyamaza tena.

Tulikula saa moja na nusu. Tabaka la chini lilikuwa limeungua, na upande mmoja jibini haikuyeyuka. Kitinda mimba alisema ni tamu kuliko ya kwenye televisheni. Mke wangu alikula chakula ambacho hakukipika, akiwa ameketi tangu mwanzo hadi mwisho, nami nikagundua kwamba sikumbuki mara ya mwisho kumwona hivyo. Sahani zilikuwa tano.

Baada ya kula wengine waliondoka, na kijana wangu akabaki kuosha sufuria iliyoungua. Nikachukua kitambaa nikapangusa sahani. Akiwa amenipa mgongo akasema, "Baba, mimi huja kanisani kwa sababu wewe ni mchungaji. Sijui kama naamini."

Sahani ilikuwa mkononi. Nilihisi aya zinapanda kooni moja baada ya nyingine. Nikameza mate, nikauliza, "Tangu lini?"

Akasema ni tangu mazishi ya rafiki yake. Alikuwa kidato cha pili wakati ule. Walikuwa wanakaa dawati moja, na rafiki yake aliugua siku chache akafariki. Mimi ndiye niliyehubiri katika mazishi yale. Watu walibarikiwa. Nakumbuka jinsi familia ilivyonishukuru. Kijana wangu akasema, "Ulihubiri kwamba Mungu yuko karibu na waliovunjika moyo. Halafu ukaingia kwenye gari ukaenda mkutano mwingine. Nilikungoja urudi uniulize niko aje. Ulirudi usiku, na asubuhi ukatoka. Hujawahi kuniuliza."

Nimekuwa mchungaji miaka mingi. Nimeketi na wafiwa wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mfiwa aliyekuwa analala chumba cha pili nilimpita kila siku kwenye korido.

Nilimwomba msamaha. Sikueleza ratiba, sikutaja Matendo 6. Nilisema, "Nilikukosea. Nisamehe." Kisha nikamuuliza lile swali, nikiwa nimechelewa mwaka mzima: "Uko aje?" Tulikaa jikoni hadi saa nne. Mengi aliyosema ni yake na Mungu wake. Haya niliyoandika ameyasoma kabla yako, na sentensi mbili alizifuta. Nimeziacha zifutike.

Usiku ule sikulala haraka. Nilifungua Yohana sura ya 21. Wanafunzi wamevua usiku kucha bila kitu. Asubuhi wanafika ufuoni na kumkuta Yesu mfufuka amewasha moto wa makaa, samaki wako juu yake, na mkate upo. Katika Injili hii ule moto wa makaa unatajwa mara mbili tu. Mara ya kwanza ni sura ya 18, uani kwa kuhani mkuu, Petro akiota moto na kumkana Bwana wake. Mara ya pili ni hapa. Bwana alimrudisha Petro kwenye moto wa namna ile ile, lakini safari hii aliyeuwasha ni Yeye.

Na angalia mpangilio. Yesu alikuwa na swali zito la kumuuliza Petro, tena mara tatu. Lakini aya ya 15 inasema swali lilikuja walipokwisha kula. Kwanza aliwaita waje wafungue kinywa. Aliwapa mkate, akawapa na samaki. Mfalme aliyeshinda mauti, mwenye ulimwengu mzima wa kuuendea, alipika kifungua kinywa cha watu saba akaketi nao. Halafu ndipo akauliza, "Wanipenda?"

Mimi nilikuwa nageuza mpangilio. Swali kwanza, chakula kama nafasi ipo. Huenda na wewe.

Sasa nikuambie habari ya simu. Nilipoishusha juu ya kabati usiku ule, ilikuwa imepigwa mara sita na nambari moja. Moyo ulinidunda. Ni dada mmoja wa kanisa, mama yake alikuwa amekimbizwa hospitalini. Nikampigia nikijilaumu kabla hata hajapokea. Akaniambia, "Mchungaji, usijali. Ulipokosa kupokea nilimpigia mzee wa zamu. Amekuja na mke wake, wameomba nasi, wamelipia bodaboda ya kunirudisha nyumbani. Mama anaendelea vizuri." Nilimshukuru Mungu, na asubuhi nilikwenda kumwona mama. Lakini pia niliaibika kidogo. Nilidhani nisipopokea simu kanisa litaanguka. Kumbe Mungu alikuwa na watu wenye sifa njema wakingoja tu niwaachie meza ile.

Kwa hiyo nawatangazia wapendwa: kila Jumatatu, saa kumi na moja jioni hadi saa tatu usiku, simu yangu itakuwa kwa mzee wa zamu. Ukipiga, utapokewa na utahudumiwa. Mimi nitakuwa nyuma ya nyumba napepea jiko. Wazee wamekubali. Nao nimewaomba kila mmoja achague jioni yake, na siku hiyo tusimwite kikao.

Najua kuna anayesoma hapa na kusema, "Mchungaji, jibini ni ya matajiri." Acha jibini. Acha na nyama. Ndengu na chapati za jana zinatosha. Ugali uliolala, ukakatwa vipande na kupangwa na maharagwe na nyanya, unaoka vizuri. Kuna dada unayelea watoto peke yako, unafika umechoka hadi mifupa. Sikuongezei mzigo, huenda kwako ni dakika kumi za chai na mkate mkiwa mmeketi wote. Kuna baba mlinzi wa usiku: meza yako ni asubuhi, kama ile ya ufuoni. Kuna aliye mbali, Gatuzi lingine au Ughaibuni: piga simu wakati wao wanakula, na usianze na swali la karo.

Na kuna mzazi ambaye watoto wake wameshaacha kumhesabu. Nakusemesha wewe hasa. Usirudi na hotuba. Rudi na chakula, ukae, unyamaze kidogo.

Mtaniuliza kijana yuko aje. Bado anakaa kiti cha mwisho. Sijamsukuma mbele. Juzi Jumatatu nilitoka kikaoni nimechelewa kidogo, nikamkuta ameshawasha jiko na mawe mawili yameshawekwa. Kwa leo hilo linanitosha, na mengine namwachia Yeye aliyemngoja Petro.

Tuombe. Baba, uliyewasha moto kwa ajili ya watu waliokukimbia, turudishe kwenye meza zetu. Utusamehe tuliolisha wengi tukawasahau walio chini ya paa letu. Wape watoto wetu ujasiri wa kutuambia ukweli, nasi utupe masikio ya kuusikia. Mahali palipo na sahani inayokosekana, lete mwenyewe. Na mahali ambapo mwenyewe hatarudi tena, keti Wewe. Katika jina la Yesu, Amina.

Kabla ya kulala leo, hesabu sahani za nyumbani kwako. Kisha niambie wewe utawasha jiko siku gani.

Ni mimi mchungaji wako, ninayejifunza kupika.